Aling'oa Diski Nzima, Akaacha Mbovu

Zamani picha za jamaa zilitunzwa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Siku hizi sanduku ni kompyuta, na ufunguo uko mikononi mwa fundi. Kwa hivyo, ndugu msomaji, yafaa tujue walau kidogo jinsi sanduku hili linavyofungwa, na la kufanya linapokwama.

Shemeji yangu ana studio ya picha mtaani Umoja, hapa Nairobi. Harusi, mahafali na mazishi ya miaka mingi yamo katika kompyuta moja yenye diski nne, zilizounganishwa kwa mpango uitwao reidi. Mpango huu ulielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wazo lao lilikuwa kwamba badala ya diski moja ya bei ghali, uunganishe kadhaa za bei nafuu zilindane.

Zinalindana vipi? Chukua 4, 7 na 2. Jumla ni 13. Iandike 13 mahali pa nne. Ikipotea 7, utatoa 4 na 2 katika 13, nawe utaipata tena. Zikipotea nambari mbili, huna la kufanya. Kompyuta hutumia hesabu ya namna nyingine, lakini maana ni hiyo. Katika reidi ya aina ya tano, aliyo nayo shemeji, diski moja ikifa kazi huendelea. Ya pili ikiondoka, kila kitu husimama.

Alhamisi moja ya Agosti 2023, diski moja iliharibika. Studio iliendelea na kazi, na kijana fundi akaitwa kuibadilisha. Alihesabu diski kutoka juu, kumbe programu ilikuwa na hesabu yake. Akang'oa diski nzima. Mashine ilipoganda, akang'oa ya pili, nayo nzima. Ile mbovu ikabaki mahali pake.

Nilipofika, mama mmoja aliyefiwa na mumewe alikuwa ameketi mlangoni. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Picha ya pekee ya marehemu akiwa na watoto wake wote ilipigwa studioni humo, nayo ilihitajika kwa programu ya mazishi. Hakulalamika. Alishika risiti yake tu.

Kijana alizirudisha diski zote, lakini reidi ikakataa kuanza. Akataka kuiunda upya. Shemeji akamzuia, akampigia simu mwalimu wake, mama wa makamo ambaye amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

"Umeandika chochote juu ya hizo diski?" mama huyo aliuliza alipowasili.

"Bado, Mwalimu."

"Basi keti. Hizo hazijafa."

Alizima mashine, akanakili nambari ya kiwandani ya kila diski na kubandika karatasi. Kisha alitumia mdadm, programu inayosimamia reidi katika Linux, kuzihoji diski moja moja. Kila diski huweka hesabu ya mabadiliko iliyoyashuhudia. Tatu zilitofautiana kwa hatua chache tu, lakini ile mbovu ilikuwa nyuma sana. Reidi ilikuwa imekataa kwa tahadhari, kama karani aonapo daftari zisizolingana.

Kuunda upya kungeandika alama mpya juu ya zile za zamani, na mpangilio ukikosewa, mashine ingeharibu hata kilichosalia. Yeye aliiacha mbovu nje, akailazimisha programu kuzikusanya zile tatu jinsi zilivyo, akazifungua kwa kusoma tu. Picha zikajitokeza! Ya marehemu ilinakiliwa kwanza, na mama akaondoka nayo jioni hiyo. Nyingine zilinakiliwa usiku kucha kwenye diski ya kando. Chache zilizokuwa zikihifadhiwa wakati wa ajali ziliharibika. Diski mpya ilitiwa asubuhi, baada ya nakala kukamilika.

Nimejifunza mambo matatu siku ile. Kwanza, bandika nambari kwenye diski kabla ya siku ya shida, si baadaye. Pili, mashine ikikwama, usiandike chochote juu yake. Mara nyingi mali haipotei kwa ajali yenyewe bali kwa pupa ya kuitengeneza. Tatu, reidi si akiba. Itakulinda diski ikifa, lakini haizuii mwizi, moto wala mkono wa binadamu.

Kwa hivyo picha za watoto wako ziwe na nakala katika nyumba nyingine, kwa dada au kwa nyanya. Naye fundi akija na haraka zake, mpe kiti na chai kwanza, umuulize atang'oa ipi, na amejuaje.