Njia ya Kwenda Lukla

Wengi wakisikia habari za mlima Everest hudhani ya kuwa taabu yote iko kileleni. Kumbe, hata kufika mahali pa kuanzia safari ya miguu ni kazi kubwa. Mahali hapo ni Lukla, kijiji cha Washerpa katika nchi ya Nepali, kwenye kimo cha meta 2,800 na zaidi.

Zamani watu walikwenda kwa miguu tu. Ndivyo walivyofika Edmund Hillary na Tenzing Norgay mwaka 1953, walipoushinda mlima ule. Mwaka 1964 Hillary alirudi kutengeneza kiwanja cha ndege, ili vifaa vya kujengea hospitali vifike upesi. Udongo ulikuwa mwororo; basi Washerpa wakashikana mikono, wakacheza ngoma yao, wakaushindilia kwa nyayo zao.

Kiwanja hicho chastaajabisha. Urefu wake ni meta 527 tu: mwisho mmoja ni korongo, wa pili ni ukuta wa mlima. Tena kimeinama. Ndege ikitua hupanda, na mwinuko huisaidia kusimama. Ikiondoka hushuka mbio kuelekea korongoni. Rubani akiisha kukaribia ardhi, hawezi tena kughairi. Kwa hiyo mawingu yakifunika bonde, hakuna ndege inayoruka, nasi wasafiri hungoja siku moja, mbili, pengine zaidi.

Hapo ndipo tunapojaribiwa. Twatazama mbingu, twahesabu siku zilizobaki, twanung'unika. Lakini rubani anayekataa kuruka ndiye anayetutunza.

Asiyetaka kungoja aweza kwenda kwa gari mpaka Jiri, kisha atembee yapata juma zima, akipanda na kushuka mabonde. Njia hiyo yachosha, walakini ina faida: mwili huzoea kidogo kidogo hewa hafifu ya milimani. Aliyekuja kwa ndege hana budi kupumzika njiani, hasa Namche, kwenye meta 3,440. Akiumwa kichwa na kutapika, asiendelee kupanda. Akikaidi, aweza kufa.

Na wenyeji je? Wapagazi hupita kimya, mizigo mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso. Huenda polepole, hupumzika mara kwa mara, nao hufika. Mawingu ya Lukla hayamjui tajiri wala mkubwa. Mwenye haraka na ajifunze kwao.