Aliye Kando ya Kitanda

Septemba 7, 2001, daktari Mfaransa Jacques Marescaux alikaa New York akamtoa mgonjwa kibofu cha nyongo. Mgonjwa mwenyewe, mama wa miaka 68, alikuwa amelala Strasbourg, Ufaransa. Mikono ya roboti iliifuata mikono ya daktari kupitia njia ya mawasiliano iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, ikivuka Atlantiki, na upasuaji ukafanikiwa. Wengi hustaajabia umbali ule. Mimi hunigusa zaidi jambo lisilosimuliwa sana: pale Strasbourg walikuwepo madaktari wengine kando ya kitanda, tayari kuendelea kwa mikono yao endapo mawasiliano yangekatika.

Korona ilipoingia, umbali ukawa kinga. Januari 2020, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Marekani alilazwa Everett, jimbo la Washington, akatengwa. Daktari alizungumza naye kupitia roboti yenye kamera na skrini. Ila aliyeisogeza roboti ile ili daktari amwone mgonjwa vizuri alikuwa muuguzi, na muuguzi huyo alikuwa mle mle chumbani. Mei mwaka huohuo Rwanda ilizindua roboti 5, miongoni mwao Akazuba na Ikizere. Katika kituo cha Kanyinya, Kigali, zilisaidia kupima joto na kuwapelekea wagonjwa dawa na chakula, wahudumu wasilazimike kuingia kila mara. Naziheshimu kwa dhati. Nesi aliyenusurika leo ndiye atakayewauguza watu kesho.

Nyumbani kwetu tiba mtandao ilikuja kwa simu ya kawaida. Katika miezi ile ya hofu, mama yangu alihudumiwa na daktari kwa video kutoka mjini. Daktari aliuliza kwa upole na kwa ustadi, lakini kila jibu lilipita mikononi mwa mpwa wangu. Yeye ndiye aliyeubonyeza mguu uliovimba aone kama kidole kitaacha shimo, akausoma mtambo wa presha, akakumbuka kwamba juzi usiku bibi yake alikosa pumzi alipolala chali. Bila binti yule, daktari angeuona uso wa mama tu, na mama kwa kawaida husema hajambo.

Tangu hapo, nikisikia hospitali imenunua mtambo mpya, huuliza kwanza juu ya wauguzi: wamefundishwa kuutumia? Wanalipwa kwa wakati? Mtambo usio na jibu la maswali hayo ni hasara, hata ukiwa wa thamani kiasi gani.

Na sisi tunaowalea wazazi kwa simu na M-Pesa tuna swali letu. Ukipiga nyumbani leo, ukishajua hali ya mgonjwa, omba kuzungumza na anayemuuguza. Muulize kama yeye mwenyewe amelala, kama amekula, na nani atampokea zamu. Kisha mtafutie huyo wa kumpokea.