Saa ya Kungoja Nyama

Jumamosi, 8 Februari 2025. Kitengela

Wiki nzima imekuwa ushuru, asubuhi hadi usiku. Mtihani wa uhasibu wa Kasneb ni Aprili na karatasi ya fedha za umma haina huruma. Leo mchana nimefunga vitabu, nikavuka barabara ya Namanga hadi kwenye bucha yenye jiko la makaa uani na viti vya plastiki chini ya mabati. Nimeagiza nusu kilo ya mbuzi, ubavu, wa kuchoma. Mwenye bucha, mzee wa Kimaasai, alipima mbele yangu, akaongezea kipande cha mafuta, akasema, "Keti kijana wangu, hii si ya haraka."

Saa hiyo ya kungoja ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mbuzi akiharakishwa huungua nje akabaki mbichi mfupani, kwa hivyo mchomaji hugeuza, husogeza kando ya moto, huacha. Ukimhimiza hakusikii, na ana haki. Mezani nako hakuna pa kuweka kitabu: kuna maji ya kunawa, chumvi, kachumbari, na kikombe cha supu unachopewa ukingoja. Nyama ikishafika, mikono imejaa mafuta na hata simu inakaa mfukoni. Watu wanabaki na kazi moja tu ya kuzungumza. Dereva wa lori la saruji tuliyeketi naye alishikilia kwamba mbuzi wanaotoka Bissil ndio watamu, kwa kuwa wanakula vichaka na majani makavu, wala hawafungiwi zizini kulishwa. Nilipotafuna ubavu ule nilimkubalia kabisa.

Nimelala bila kuota asilimia.

Jumatano, 19 Februari

Mkahawa mmoja wa kisasa hapa mjini, wenye vioo, viti laini na intaneti ya bure. Kahawa yao ni nzuri kweli. Lakini kila meza ilikuwa na kompyuta, na kabla povu halijaisha kikombeni mimi pia nilikuwa nimefungua maswali ya ukaguzi wa hesabu. Hata risiti ilikuja na somo: VAT asilimia 16, imeandikwa mstari wake. Nikamfikiria mama wa chapati na maharagwe kule karibu na steji. Biashara inalazimika kujisajili kwa VAT mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 5 kwa mwaka, na sufuria zake mbili haziko karibu na hapo.

Mkahawa huu nitauweka kwa siku za kusoma. Kupumzika, hapana.

Jumapili, 9 Machi

Olepolos! Tumeenda kula huko sisi wa kikundi cha majadiliano, kwa masharti kwamba atakayetaja mtihani analipia soda za wote. Matatu hadi Isinya, nyingine hadi Kiserian, kisha barabara ya Magadi. Kona Baridi upepo ulitupiga usoni, na ghafla ardhi yote mbele ikashuka: Bonde la Ufa, miinuko ya rangi ya majivu, huku milima ya Ngong ikiwa nyuma yetu.

Tukaagiza kuku na mbuzi, ugali, sukuma wiki. Walisema tungoje, na hakuna aliyenung'unika. Ukiwa na bonde lile mbele yako, subira haina gharama. Mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo ni Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe kwa wingi, zana za watu waliokuwa wakikata nyama huku mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Nilifurahi kuwaza hilo huku nikimwona mhudumu akikatakata mguu wa mbuzi juu ya ubao wetu.

Hakuna aliyelipa soda.

Jumamosi, 29 Machi. Kajiado

Nimemtembelea binamu yangu anayesoma Umma University. Mchana nilikula peke yangu mjini, maana yeye amefunga Ramadhani: supu ya mifupa iliyochemshwa na mti wa olkiloriti, kali kidogo, ya kusafisha kifua. Mama wa hoteli aliniambia morani wa Kimaasai walioenda orpul, kule porini wanakokaa siku nyingi wakila nyama na kujenga miili, hunywa supu za magome na mizizi kama hii. Nikapenda sana kwamba jamii ilitenga mahali maalumu pa kula na kupumzika, mbali na mifugo na shughuli za boma.

Jioni binamu akanipeleka kwa wenzake kufuturu. Mkeka, tende, uji wenye pilipili manga, sambusa, mahamri, mbaazi za nazi. Tulifika mapema. Vyakula vyote vilikuwa vimeshaandaliwa na hakuna aliyegusa. Wao pia wana mitihani karibu, na wengine walikuwa wamekesha wakisoma baada ya tarawehe. Lakini dakika zile za mwisho kabla ya magharibi daftari zilikuwa zimefungwa zote. Mmoja alikuwa akipanga tende kwenye sahani, tatu tatu. Mwingine akinisimulia nyumbani kwao Lamu. Mimi niliyekula mchana nilihisi njaa yao na utulivu wao pamoja. Adhana ikaanza, mikono ikanyooka, na tende ya kwanza nilipewa mimi mgeni.

Sijakaa mezani penye raha kuliko pale mwaka huu.

Idi huenda ikawa Jumatatu. Wamenialika pilau, na binamu ameniambia nije na wale wa kikundi. Nimekwisha kuwapigia simu, wanakuja.