Kontena bila bando: Docker mpaka Garsen

Ukimtajia mtu wa Garsen neno kontena, atafikiria lile sanduku la chuma lililotoka bandarini Mombasa likageuzwa duka. Hajakosea sana. Kontena ninayoizungumzia leo nayo ni sanduku: ndani mna programu pamoja na maktaba zake zote, ili iende popote bila kuuliza huko kuna nini.

Sasa Garsen imeingiaje? Kuna kikundi cha vijana wa kujitolea pale wanaoweka orodha ya kaya za vijiji vya kando ya Tana: nani anaishi wapi, ana watoto wangapi, nani mgonjwa asiyeweza kutembea. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena yale ya Aprili na Mei 2024, yaliwakuta na madaftari. Daftari likilowa, kijiji kizima kimepotea, na anayegawa mahema hana pa kuanzia. Wakaniomba programu. Kuiandika hakukunisumbua (Python na PostgreSQL, basi). Shughuli ilikuwa kuifikisha kwenye laptopu yao ya mtumba, mahali ambapo intaneti ni bando la simu, na maji yakipanda barabara hukatika. Siku hiyo mimi sitakuwepo.

Zamani ningewawekea kompyuta nzima bandia ndani ya kompyuta yao. Hiyo ni kama kumjengea kila mgeni nyumba yake, na laptopu ile haina nguvu hizo. Kontena ni nyumba ya kupanga: kila mtu na chumba chake na kufuli lake, lakini paa moja na kisima kimoja. Kisima ni kerneli ya Linux. Wazo lenyewe si geni. Unix ilikuwa na chroot tangu 1979, FreeBSD ikaleta jail mwaka 2000, Linux ikapata cgroups mwaka 2008. Docker ilipoonyeshwa Machi 2013 iliyafanya haya yote yaitwe kwa amri moja, ndipo sisi wa kawaida tukaingia.

Mafunzo mengi ya Docker yanaanza na kuvuta imeji kutoka mtandaoni. Kwa bando? Hapana. Mimi nilijenga imeji nyumbani, nikiitaja linux/amd64 waziwazi, kwa sababu mashine yangu ni ARM na yao ni Intel. Kisha:

docker save orodha:1 | gzip > orodha.tar.gz

Ya PostgreSQL nikaifanyia vivyo hivyo. Nikatia faili kwenye flashi, pamoja na vifurushi vya kusakinisha Docker yenyewe, nikapanda matatu. Pale Garsen:

docker load -i orodha.tar.gz

Hakuna hata baiti moja ya bando iliyotumika. Kijana aliyekuwa karibu nami akauliza, "Ndiyo hiyo tu, kaka?" Ndiyo hiyo tu.

Ila shika mambo mawili kabla hujaanza kushangilia. La kwanza, kontena ikifutwa, kilichoandikwa ndani yake kinafutika nayo. Kwa hiyo faili za hifadhidata zikae nje, kwenye voliumu, kwa kutumia -v. Kwa programu ya kuchezea unaweza kupuuza hilo. Kwa majina ya watu wanaosubiri mashua, usithubutu. La pili, umeme. Ukiongeza --restart unless-stopped, na Docker ikiwa imepangwa kuanza pamoja na mashine, laptopu ikizimika na kuwashwa tena kontena zinaamka zenyewe. Hakuna wa kupigiwa simu.

Kubernetes achana nayo kwanza. Laptopu moja haihitaji nahodha wa meli mia.

Kilichobaki ni nakala. Kila Ijumaa pg_dump inatoa orodha nzima kwenye flashi mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine anaondoka nayo mwenyekiti, ambaye nyumba yake iko upande wa juu ambako maji ya 2024 hayakufika.