Dimbwi Nililolifuta

Mimi ni mhandisi wa mifereji ya maji ya mvua. Kuna mtaa mmoja Dar es Salaam, pembezoni mwa kijito kinachoingia Mto Msimbazi, ambao leo unafurika zaidi kwa sababu ya mchoro nilioutia saini. Siutaji mtaa, wala ofisi iliyonipa kazi. Wengine waliupitisha mchoro ule, lakini aliyeuchora ni mimi, na kosa ninaloungama ni langu.

Kazi yenyewe ilizaliwa na hofu. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo, kila mkutano wa serikali ya mtaa niliouhudhuria ulidai mfereji. Watu walitaka maji yaondoke, tena haraka, nami nilikuwa nimefundishwa kuyaondoa haraka.

Mtaa wa juu, ambako mradi ulianzia, ulikuwa na dimbwi kubwa. Wakati wa masika lilijaa, likakaa siku chache, kisha likanywea ardhini. Kingoni mwake watu walilima mchicha na matembele. Mimi nikaliandika kwenye ramani kuwa eneo korofi. Nikapendekeza lijazwe kifusi, na mfereji wa zege upite juu yake, unyooke moja kwa moja hadi kijitoni.

Mama mmoja mtu mzima alisimama mkutanini akaniambia, "Mwanangu, mkilifukia hilo dimbwi, visima vyetu vitapata wapi maji?" Nilimjibu kwa adabu kwamba tutalizingatia. Kisha nikaandika katika ripoti kwamba maoni ya wananchi yamezingatiwa. Hayakuzingatiwa. Sikupima hata kina cha maji katika kisima kimoja. Hesabu mbovu huweza kurekebishwa, lakini sentensi ile ilikuwa uongo, na ndiyo inayoniumiza kuliko yote.

Sasa niseme nilichokosea kwenye hesabu zenyewe, maana anayeungama kwa jumla huwa bado anajificha. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000. Pakiwa na kichanga na nyasi, theluthi moja au pungufu tu ya maji hayo hutiririka, mengine huzama. Pakijaa mabati, zege na lami, sehemu nne kwa tano au zaidi hukimbia. Mimi nilichagua namba ya mtaa jinsi ulivyokuwa siku ya upimaji, wenye nafasi wazi tele, ilhali niliona kwa macho yangu misingi ya nyumba ikichimbwa kila upande. Mfereji ulikuwa mdogo kabla saruji haijakauka.

Kosa la pili ni la kasi. Zege laini haliyazuii maji kama nyasi na mawe yanavyoyazuia. Kwa mteremko uleule na kina kilekile, maji hukimbia kwa kasi zaidi ya mara mbili. Maji yaliyokuwa yakizungukazunguka dimbwini na kufika kijitoni yamechoka, mimi niliyafanya yafike yote kwa pamoja, wakati ambapo kijito kimeshajaa. Mtaa wa juu ulikauka. Wa juu walinishukuru, wakanipa hata soda siku ya uzinduzi. Mtaa wa bondeni, ambao haukuitwa katika mkutano hata mmoja kwa kuwa haukuwa ndani ya mpaka wa mradi, ukapokea maji yao. Masika yaliyofuata, kuta za nyumba kadhaa zilianguka kwenye kingo za kijito. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa, lakini hilo halikutokana na uhandisi wangu.

Na watu wa bondeni walipolalamika, nilisema wanatupa taka mferejini. Ilikuwa kweli: chupa za plastiki na tope vilikuwamo. Lakini hata mfereji ule ungefagiliwa kila asubuhi, maji yangefika kwa wingi uleule na kasi ileile. Nilitumia ukweli mdogo kuwanyamazisha watu wenye ukweli mkubwa. Nawaomba radhi kwa hilo kama ninavyoomba radhi kwa kuta zao.

Oktoba 2022 mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, ulipungua, jiji likawekewa mgawo wa maji. Nilirudi mtaa wa juu. Visima vifupi vilivyokuwa jirani na dimbwi vilikuwa vimekauka, na watu walinunua maji kwa madumu. Jiji linalopata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka lilikuwa na kiu, nami nilikuwa nimejenga, kwa fedha za umma, njia ya kuyatupa maji hayo baharini.

Dimbwi lile lilikuwa kazi iliyokwisha kufanywa nusu. Lilihitaji kuchimbwa zaidi na kuimarishwa kingo. Mlangoni lingewekwa chujio la nondo la kuzuia taka, kisha kibwawa kidogo ambamo mchanga ungetulia, chenye njia ya gari ili tope lizolewe kila mwaka. Nasisitiza njia ya gari, kwa sababu nimeona mabwawa mazuri yakifa kwa kukosa mahali pa kupitisha tipa. Baada ya hapo maji yangepita katika matete, yakapungua uchafu, na kutoka kwa bomba jembamba hadi kijitoni, polepole, baada ya kilele cha mvua kupita. Sehemu ya maji hayo ingechujwa kwa mchanga na kuhifadhiwa kwenye tangi kwa ajili ya bustani, wafyatua matofali na vyoo vya shule. Si kwa kunywa. Masika yakifika wapo wanaotapisha vyoo vyao mitaroni, na chujio la mchanga peke yake halitoshi kuyafanya maji hayo kuwa salama kwa mtoto. Nilikuwa nimetetea kulifukia dimbwi pia kwa kisingizio cha mbu. Mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, na sehemu ya bwawa inayojaa kwa mvua tu inaweza kusanifiwa ikauke ndani ya siku tatu. Nililijua hilo tangu chuoni.

Kukinga mvua si jambo geni. Watu wa visiwa vya Lamu, wasio na mito, walijenga jabia za kukinga mvua. Singapore, ambako theluthi mbili za ardhi hukusanya maji ya mvua kwa matumizi, ilitenganisha kwanza mifereji ya mvua na ya maji taka. Sisi tunaanza na zege, kwa sababu zege huonekana siku ya uzinduzi.

Nimekwenda kwa watu wa bondeni nikawaeleza haya ninayoyaandika hapa. Walinisikiliza hadi mwisho, kisha wakauliza nani atalipa kuta zao. Sikuwa na jibu, na mpaka sasa hakuna aliyelipa. Juu ya dimbwi pamejengwa nyumba, halirudi tena.

Lakini maeneo mengine ya namna ile bado yapo wazi kwenye vijito vya Msimbazi. Ninawaomba wahandisi wenzangu: kabla hujasaini mchoro wa mfereji, ufuate kwa miguu hadi unapoishia, uwasikilize wanaoishi huko. Na ninaziomba manispaa ziyapime maeneo hayo na kuyatenga rasmi kwa maji ya mvua sasa, kabla hayajauzwa viwanja.