Daftari la Mambo ya Usiku

Daftari langu la kwanza lina jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ukurasa wa kwanza, kwa penseli, nimeandika: "Kisima cha mkwajuni, Mangapwani. Aliyeona ni mke wa mvuvi. Wakati wa magharibi. Kasimulia Bibi." Hakuna zaidi. Sikuandika alichokiona, kwa sababu kila mtu kijijini alikijua, na mimi nilidhani kitajulikana hivyo hivyo milele.

Sasa madaftari yamefika kumi na mawili. Wapo wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya santuri za taarabu. Mimi nakusanya mambo ya usiku: majini, vibwengo, chunusi, mwanamke mzuri mwenye kwato anayeomba lifti njiani, sauti inayokuita jina mara moja tu na ole wako ukiitikia. Naamini yapo. Qur'ani ina sura nzima ya Majini, ya 72, na mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Unguja. Hilo halinipi tabu. Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Nikiyasoma madaftari yangu mwaka baada ya mwaka, naona viumbe wenyewe wanabadilika. Namna tunavyowasimulia imebadilika, na wao wamebadilika nayo.

Bibi mzaa mama alikaa Mangapwani, kaskazini ya mji, karibu na lile pango lenye maji matamu ndani yake. Inasimuliwa kwamba pango liligunduliwa na kijana mtumwa aliyepotelewa na mbuzi, akamsikia akilia chini ya ardhi, akaifuata sauti. Watu walikuwa wakipeleka udi na marashi mle, na Bibi hakutuacha tuingie bila ya kupiga hodi. Umeme ulikuwa haujafika kwake. Kila alasiri kazi yangu ilikuwa kusafisha kioo cha chemni, kwa kuwa mkono wangu ndio uliopita shingoni mwake. Gazeti kuukuu, jivu kidogo, unapuliza pumzi, unasugua, unakiinua juani kutazama kama bado kuna masizi. Mkono ulipoanza kubana, kazi ile akapewa mdogo wangu, na nilihuzunika kwa siku kadhaa. Mwanga wa taa hiyo uliishia ukingoni mwa jamvi. Zaidi ya hapo lilikuwa giza la kweli, lenye harufu ya mwani na moshi wa makumbi.

Bibi alikuwa na aina mbili za masimulizi na hakuzichanganya hata siku moja. Ngano ilianza na paukwa, sisi tukajibu pakawa, na ndani yake mazimwi yalimeza watu na kuvitapika vijiji vizima, nasi tukacheka. Habari haikuwa na paukwa. Ilianza na jina la mtu na jina la mahali. "Unamjua shangazi yao wale wanaokaa nyuma ya msikiti? Basi yeye." Ukiuliza "kisha?" kabla ya wakati wake, Bibi alinyamaza na kutia mafuta kwenye taa. Ngano ilikuwa ya popote. Habari ilikuwa na anwani. Kesho yake ungeweza kutembea mpaka pale penye mkwaju, ukakiona kisima kwa macho yako, ukamwona na huyo mke wa mvuvi anapepeta mchele kama mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipovuka bahari kutoka Pemba. Ulianza huko wakati wa Ramadhani, ukaja Unguja, baadaye ukafika hadi Dar es Salaam. Sisi tulikaa Michenzani, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba ya zege, maji ya bomba, taa ya umeme katika kila chumba, ghorofa ya nne. Nilijiambia kwamba jini hawezi kupanda ngazi zote zile. Lakini huyu jina lake lilijieleza lenyewe: popo, na bawa.

Usiku watu wakaanza kushuka. Kila nyumba iliburura mkeka wake ngazini, kwaruu, kwaruu, mkeka ukigusa kila kidato cha saruji, ghorofa baada ya ghorofa. Hata leo nikifumba macho ndiyo sauti inayonijia kwanza. Tukalala uwanjani baina ya majumba, moto umewashwa, vyetezo vinafuka ubani, wanaume wamekaa na mapanga, mama ananisomea Ayatul Kursiyu na kunipulizia utosini. Muuza kahawa alipita mpaka saa nane za usiku akigonganisha vikombe vyake. Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na katika jumba letu walikuwamo wazee wasiosemezana kwa ajili ya vyama. Nao walilala mikeka yao inagusana. Mimi sikuogopa. Nililala chali natazama madirisha ya jumba zima yakiwa wazi na vyumba vitupu, na niliona raha ambayo sijaiona tena.

Alichokuwa akiwafanya watu, sisi watoto hatukuambiwa. Tulifahamu kwamba ni aibu kubwa, kwa vile watu wazima walivyoshusha sauti. Jambo moja tu lilisemwa wazi mbele yetu: aliyejiwa na Popobawa akaficha, atajiwa tena. Ni lazima aamke awaeleze majirani. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Kwetu, jambo la aibu hufunikwa ndani ya nyumba mpaka wenyewe wafe nalo, na hapa amekuja kiumbe anayewalazimisha watu kusema, tena uwanjani, mbele ya jirani. Katika madaftari yote kumi na mawili sina mwingine wa namna hiyo.

Siwezi kuusifu usiku ule nikaliacha jingine. Mwaka huo huo, mjini, aliuawa mtu mgonjwa wa akili kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Baba alirudi na habari hiyo kutoka sokoni. Akalichukua panga lake, akalipandisha juu ya kabati, na usiku huo alishuka uwanjani mikono mitupu. Yule marehemu nimempa ukurasa wake peke yake. Jina lake sikulipata, nimeliachia nafasi.

Kisha zikaja video. Mabanda yalionesha filamu za Nigeria, na baadaye Dar nao wakatoa za kwao, Nsyuka, Shumileta na nyinginezo. Nilizipenda sana, kuna filamu niliyoilipia kiingilio mara tatu. Lakini daftari la nne lina ushahidi. Kabla yake hakuna hata habari moja yenye kucha ndefu wala meno. Jini wa Bibi alikuwa mtu wa kawaida mwenye kasoro moja: hana kivuli, au hapepesi macho, au miguu yake si miguu. Baada ya mabanda ya video, watu wazima wenye akili zao walianza kunieleza walichokutana nacho, na kilikuwa na kucha, uso mweupe wa poda na sauti ya mwangwi. Sisemi kwamba walidanganya. Nadhani mtu akiona kitu gizani hukimalizia kwa sura alizonazo kichwani, na sura zilikuwa zimebadilishwa.

Popobawa hakuja mara moja tu. Mwaka 2007 ilipokuwa zamu ya Dar es Salaam, nilikuwa huko mwanafunzi, nimepanga chumba cha uani. Habari ilinifikia kwa ujumbe wa simu kutoka kwa rafiki anayekaa mtaa wa mbali. Nikatoka nje na mkeka wangu, bila ya kufikiri, kama vile miaka kumi na miwili haikupita. Uani hapakuwa na mtu. Kila chumba kimejifungia, taa zinawaka, na madirishani nilisikia milio ya simu, ujumbe ukiingia baada ya ujumbe. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wakiogopa jambo moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mlango wake. Nilikaa kama nusu saa, nikaukunja mkeka.

Halafu Unguja ikaingia gizani. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, njia ya kutoka Bara ilipoharibika, lakini giza lililoanza Desemba 2009 lilidumu mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Lilikuwa balaa na silipambi. Vyakula vilioza, mafundi walikaa bure, mji mzima ulinguruma jenereta. Pampu zikasimama, na maji ya bomba yakakatika.

Nilikwenda Mangapwani. Bibi alikuwa ameshafariki, nyumba anakaa mama mkubwa, na umeme alikuwa nao tangu miaka michache nyuma. Mkwaju umekatwa. Kile kisima, kilichokuwa kimefunikwa bati na mawe, kimefunuliwa tena, wanawake wamepanga foleni na madumu ya njano. Jioni mama mkubwa alikwenda uvunguni akaitoa chemni ya Bibi. Vumbi lilikuwa limeganda juu ya kioo. Akamwita mtoto wa jirani, wa miaka sita, naye akatia mkono ndani na gazeti, akasugua, akakiinua kutazama masizi, na hakuna aliyemfundisha.

Usiku tukakaa jamvini. Nikauliza: "Mama, yule mke wa mvuvi kule kisimani, aliona nini hasa?"

"Kumbe hukuambiwa? Kanga, mwanangu. Aliikuta kanga imeanikwa ukingoni mwa kisima, inachuruzika maji. Akaishika, ya baridi. Akachungulia chini amtazame nani anayefua saa ile. Kisima kikavu. Kiangazi kile kilikuwa kikavu tangu mwezi uliopita, watu wanateka maji kwingine."

"Kisha?"

Mama mkubwa akanyamaza, akatia mafuta kwenye taa.

Daftari la tisa ndilo nene kuliko yote, nalo ni la miezi ile mitatu tu. Watu walikaa barazani kwa kuwa ndani palikuwa na joto na televisheni haikuwa na kazi, na habari zikatoka zilikokuwa, kila moja na mtaa wake, mti wake, nyumba yake. Umeme uliporudi mtaa wetu ulipiga vigelegele, na mimi nilipiga makofi pamoja nao. Wiki chache baadaye kisima kikafunikwa bati lake.

Mahali pengine pamekwenda bila ya kurudi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Nina habari saba za ndani ya jumba lile nilizopewa na wazee, zikitaja hadi ngazi na upande wa roshani. Nikizisoma sasa sijui nizipeleke wapi.

Siku hizi mimi ndiye ninayetumiwa mambo ya usiku, tena mengi kuliko ninavyoweza kuyasoma. Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu na anaishi na dada yangu katika nyumba ile ile ya Michenzani. Mwezi uliopita aliniletea simu. "Mjomba, tazama, jini kaonekana Chukwani!" Ni barabara usiku, gari zinapita, kitu cheupe kinavuka, mtu anapiga kelele. Nikamwambia atazame tena, lakini asikitazame kile cheupe, atazame gari. Zote zilikuwa zikienda upande wa kulia wa barabara.

Alisikitika, na mimi nikasikitika kwa kumsikitisha. Nikamweleza ninavyoamini: si lazima kwamba hakuna kitu katika video ile. Pengine kipo. Ila ni kiumbe wa watu wengine, wanaoijua barabara ile kwa jina na wanaojua nani alifia pale. Ametolewa kwao, akapitishwa simu kwa simu mpaka kwetu, njiani akapachikwa Chukwani, na kesho atapachikwa Tanga au Mombasa. Mtu akitokewa na kitu Chukwani kweli, nani atamsikia?

Mpwa wangu akaizima simu. Akakaa kimya kidogo. "Mjomba, mimi kuna kitu nimekisikia. Lakini hakimo kwenye video."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Ngazini."

"Lini?"

"Usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa nane na dakika kumi, niliangalia saa. Mama amelala." Akatafuta maneno. "Kama mtu anaburura kitu. Kitu kikubwa lakini si kizito. Kinagusa kila kidato. Kinashuka, hakipandi."

"Ulianza kukisikia ghorofa ya ngapi?"

"Ya juu yetu. Kikapita mlangoni, kikashuka mpaka uwanjani. Halafu kikaja kingine nyuma yake."

Hajapata kuuona mkeka ukishushwa kwenye ngazi zile. Alizaliwa miaka mingi baada ya hayo, na mimi nilikuwa sijamsimulia. Sikumwambia kitu. Nilikwenda kabatini nikachukua daftari la kumi na mbili, nikamwekea mezani na kalamu juu yake. Akaniuliza aanze na nini. Nikamwambia aanze na mahali.