Masika ya Mwaka 1872

Wewe msomaji uliyelelewa Kaloleni, Makongeni au Jericho, mjini Nairobi, waijua masika kwa matope na mifereji inayofurika. Nami ni wa mitaa hiyo. Nilipokwenda Unguja nilitaka kuona alama za masika iliyo mbaya zaidi: kimbunga cha tarehe 15 Aprili, 1872.

Mjini sikuiona hata moja. Majahazi yalitulia bandarini, pale pale merikebu za Sultani Barghash zilipovunjwa. Alama yenyewe i katika mikarafuu. Mikarafuu mingi ya Unguja iling'olewa siku ile. Ya Pemba ikanusurika, na hata leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba.

Kumbuka, msomaji, kwamba mashamba yale yalilimwa na watumwa. Waingereza walipomshurutisha Barghash akomeshe biashara ya watumwa, alijitetea kuwa kimbunga kimekwisha kuwafilisi. Hawakumsikiliza. Tarehe 5 Juni, 1873, mkataba ukatiwa sahihi na soko la watumwa likafungwa. Lakini waliokwisha kuwa mashambani hawakuachiwa. Ndio waliopanda miche mipya mahali pa mikarafuu iliyoanguka. Sheria ya kuwapa uhuru ilitoka mwaka 1897, miche ile ikiwa imekwisha kuwa miti mirefu.